Siku ya Tilda Peke Yake

Kama Fergus Schirmer angesema neno moja tu, tuseme "maji" au "nyumbani", Merrin Hocking angevumilia. Angepiga makofi kama wageni wengine, angemaliza kipande chake cha keki, angerudi kwake. Lakini Fergus, mtoto wa miaka saba asiyeweza kushika kijiko bila kukiangusha, aliinamia tableti iliyofungwa mbele ya kiti chake cha magurudumu, akagusa picha moja, akagusa nyingine, akatulia kama mzee anayejaribu kukumbuka jina la mtu, kisha mashine ikasema kwa sauti ya kivulana:

"Mama anaimba vibaya."

Nyumba nzima ililipuka kwa vicheko. Ilikuwa siku yake ya kuzaliwa, na Bree, mama yake, ndio kwanza alikuwa amemaliza kumwimbia. Bree alijitupa kwenye kochi akishika mbavu.

"Mmemsikia? Mwanangu mwenyewe! Miaka saba namlisha, leo ananivua nguo mbele za watu!"

Merrin alicheka kuliko wote. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na hakuna aliyejua machozi yale yalikuwa ya nini. Kando yake, binti yake Tilda alikuwa ameinamisha kichwa juu ya tableti iliyofanana kabisa na ya Fergus, kiganja kimelala juu ya picha moja.

"Zaidi," mashine yake ilisema. "Zaidi. Zaidi. Zaidi."

"Haya, Tilda wetu anataka keki zaidi," alisema Bree, akainuka kumkatia.

Tilda hakutaka keki. Mkono ulikuwa umelala tu pale, kama ungelala juu ya meza au juu ya goti. Merrin alilijua hilo, na alijua kwamba Bree analijua pia. Ule wema wa kujifanya hajui ndio uliomchoma hasa.

Watoto hawa wawili walizaliwa msimu mmoja wa baridi, na wote wawili walikuwa na mtindio wa ubongo. Katika mji mdogo kama Dimboola, ambako maghala ya ngano ndiyo majengo marefu kuliko yote, mama wawili wa aina hiyo ama watakuwa marafiki ama watakwepana dukani. Merrin na Bree walikuwa mashoga. Waliazimana nguo za watoto, walibebeana watoto, walijua nani analala vibaya na nani amegombana na nani. Hata mtaalamu wa usemi alikuwa mmoja: Imelda Farrugia, mwanamke mnene mwenye kucheka haraka, aliyekuja kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumanne, akiendesha gari lake kutoka Ballarat. Asubuhi alikuwa kwa Fergus, mchana kwa Tilda.

Mpango huo haukuwa wa bahati. Mfuko wa taifa wa watu wenye ulemavu humpa kila mtoto fungu lake la mwaka, na ndani ya fungu hilo hulipwa saa za tiba, na hulipwa pia muda ambao mtaalamu yuko barabarani. Njia ya Ballarat ni ndefu. Imelda akija kwa mtoto mmoja, mtoto huyo hubeba njia yote. Akija kwa wawili, wanagawana. Kwa hiyo huko mashambani wazazi hupangana wenyewe kwa wenyewe, siku moja mtaalamu mmoja, kama watu wanaochangia lori la kuni.

Lakini Merrin alikuwa amechoka na zile saa za mchana. Imelda alifika kwake akinukia supu ya Bree, bado anatabasamu kwa jambo alilolifanya Fergus. "Leo Fergus kaniua mbavu," angesema akivua koti, kisha angeketi mbele ya Tilda na, machoni pa Merrin, tabasamu lingefifia kidogo. Labda halikufifia. Labda ni uchovu tu wa njia. Merrin alilitazama tabasamu lile kila Jumanne kama mtu anayetazama mizani ya duka, na kila Jumanne aliona limepungua.

Usiku wa siku ya kuzaliwa alimwambia mumewe, Rohan: "Mwanangu anapewa makombo."

"Makombo ya nini?"

"Ya Imelda. Fergus anapewa asubuhi, akili ikiwa safi. Sisi tunapewa kilichobaki."

Rohan, dereva wa malori ya nafaka, alikuwa anavua soksi. "Mke wangu, Imelda si maziwa ya ng'ombe useme krimu yote imetangulia kwa jirani."

Merrin alimgeuzia mgongo.

Mwisho wa mwezi huo wa Juni kikawadia kikao cha fungu, ambacho hufanyika kwa simu, mama na mpangaji wa Mfuko, afisa anayepanga mafungu, wakizungumza habari za mtoto ili ijulikane atahitaji nini mwaka unaofuata. Siku moja kabla, Bree alipita na mkate wa ndizi.

"Shoga, nisikilize. Akikuuliza Tilda yukoje, usimpe siku nzuri. Mpe ile mbaya. Ile siku aliyolia chini ya meza mpaka akatapika, na wewe ukalia naye. Mwaga yote. Ukimsifia mtoto kwa hawa watu umekwisha, watasema hahitaji."

Hakuna mama mwenye mtoto katika Mfuko asiyejua jambo hilo. Merrin alilijua tangu Tilda ana mwaka mmoja. Yeye ndiye aliyemfundisha Bree. Lakini safari hii, akimwangalia Bree amesimama jikoni kwake na mkate wake na mashavu mekundu kwa baridi, alisikia kitu kingine kabisa. Alisikia: nenda kawaambie mwanao si kitu, maana mwanangu anatunga sentensi.

Kesho yake simu ilipolia, mpangaji alikuwa kijana mwenye adabu. Aliuliza Tilda anawasilianaje.

"Vizuri," alisema Merrin. "Vizuri sana. Anachagua nguo zake mwenyewe. Akitaka kitu anakisema kwenye tableti. Anajua kufanya mzaha."

"Mzaha! Hongera sana, mama. Inatia moyo mno."

"Ndiyo. Juzi alisema naimba vibaya."

Rohan alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Simu ilipokatwa alimgeukia mkewe. "Huyo mtoto uliyekuwa unamsema ni nani? Ningependa kumfahamu."

Merrin alikwenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Fungu jipya lilipokuja, lilikuwa limekonda. Halikuwa limekonda kiasi cha kutisha; mtu mwangalifu angeweza kulivuta likafika mwaka. Merrin hakumwambia Bree. Badala yake alimpigia Imelda na kumwomba siku ya Tilda peke yake. Jumatano, asubuhi, kila wiki.

Imelda alipiga hesabu harakaharaka. "Merrin, mpenzi, njia yote itamwangukia Tilda. Umeliangalia fungu?"

"Fungu la mwanangu nalijua."

"Na Bree amesemaje?"

"Hili si la Bree."

Zile Jumatano zilikuwa tamu. Hilo lazima lisemwe. Imelda alifika asubuhi, ananukia hewa ya baridi na si supu ya mtu, akaketi sakafuni jikoni kwa Merrin, akatoa vikaragosi vyake na kengele zake, na tabasamu lote likawa la Tilda. Merrin alipika chai akasimama karibu na sinki akiwatazama, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kifua chake kililegea. Akimwona Bree dukani alimpungia mkono kwa mbali, akajifanya ana haraka.

Na Tilda akaanza kufunguka. Mwezi wa kwanza mkono wake uliacha kulala juu ya picha. Ukawa unakwenda na kurudi. Mwezi wa pili alijifunza "acha", akaipenda mno, akawa anaambia "acha" kijiko, sweta, hata mbwa. Jioni moja lori la Rohan liliposikika linaingia uani, Tilda aliinua kichwa, akahangaika, akagusa: "Baba." Rohan alikaa chini palepale kwenye ngazi na buti zake za matope akalia kama mtoto.

"Huu ndio wakati," alisema Imelda aliposikia, macho yanamng'aa. "Akili yake imeshika jambo. Miezi hii tusimwache hata kidogo. Kinachofuata ni kuunganisha, neno na neno. Akivuka hapo, Merrin, hatatushukuru, atatutukana."

Ilikuwa Septemba, mashamba ya kanola, zao la mafuta, yamegeuka njano mpaka upeo wa macho, wakati mwanamke anayesimamia fungu la Tilda alipopiga simu. Huyu ndiye aliyelipa ankara za Imelda kila mwezi, na sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye amezoea kusema maneno haya.

"Mama Hocking, nimeona nikuarifu mapema. Kwa mwendo huu, sehemu ya usemi itaisha kabla ya mavuno ya mwisho wa mwaka."

"Haiwezekani. Fungu ni la mpaka Juni."

"Ndiyo, mama."

"Tumefanya saa chache tu! Moja kwa wiki!"

"Saa za tiba ni chache kweli. Nyingi zimekwenda njiani, mama."

Njiani. Merrin alisimama na simu mkononi, akaiona barabara ile kuu, miji ya Stawell na Ararat, vilima vile vya kuelekea Ballarat, na juu ya lami yake, tangu mwanzo hadi mwisho, maneno ya mwanawe yamemwagika kama ngano iliyovuja kwenye lori.

Alimpigia Imelda. Imelda hakumlaumu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema tu kwamba fungu likiisha itabidi asimame, na akisimama hawezi kuishikilia nafasi ya Tilda mpaka mwaka mpya. Kuna watoto wanaosubiri, baadhi yao tangu hawajaanza shule. "Ningeweza ningekuja bure, mpenzi. Lakini kuja bure mpaka lini?"

Ungedhani Merrin angejilaumu mwenyewe. Alijaribu, usiku mmoja hivi. Lakini kila alipofumba macho aliona gari la Imelda likiegeshwa mbele ya nyumba ya Bree, Jumanne, mwaka mzima, bila wasiwasi. Bree hakuwa na mume, alifanya kazi nusu siku kwenye ofisi ya posta, na fungu la mwanawe halikuwahi kuisha. Analipataje? Ni wazi amepewa kubwa. Ni wazi alimlilia yule mpangaji. Bree anajua kulia. Kijiba cha roho kikamkaba Merrin mpaka asubuhi, na asubuhi kilikuwa bado kipo, kimevaa viatu, tayari kutoka naye.

Jumamosi hiyo ilikuwa fainali ya mpira wa nchi ile, unaochezwa kwa robo nne, na zamu ya kantini ya klabu ilikuwa yao wawili, iliyopangwa tangu mwanzo wa msimu na Dot, bibi mwenye sauti ya king'ora aliyeitawala kantini ile. Bree alikuwa kwenye mafuta ya chipsi. Merrin alikuwa kwenye pai za nyama. Walifanya kazi robo mbili nzima wakiongea habari za sosi tu.

Wakati wa mapumziko foleni ilikuwa imefika mpaka langoni. Merrin alisema, bila kugeuka: "Fergus hajambo?"

"Hajambo."

"Imelda anakuja bado?"

"Anakuja."

"Raha yako. Wengine mafungu yetu yanaisha. Lakini wengine hatujui kulia kwenye simu."

Bree aliweka chini koleo la chipsi. "Umesemaje?"

"Nimesema raha yako."

"Pai mbili!" aliita mwanamume dirishani.

"Merrin, nigeukie. Unafikiri nimepewa kubwa?"

"Sijui ulichopewa. Najua mwanao hajawahi kukosa."

"Fungu la Fergus lilikatwa mwaka huu, likawa dogo kuliko la mwaka jana. Unajua kwa nini? Kwa sababu anasema 'Mama anaimba vibaya'. Wamesema anaendelea vizuri." Bree alicheka kicheko kikavu. "Na juu ya hapo wewe ukaondoka Jumanne. Ile njia ya Ballarat tuliyokuwa tunagawana ikaniangukia yote. Hukulifikiria hilo?"

Merrin aligeuka. Hakuwa amelifikiria. Hata mara moja.

"Imelda anakuja kwangu mara moja kwa mwezi," Bree aliendelea. "Moja! Siku zilizobaki ni mimi. Napika na tableti, nafua na tableti, namwambia 'viazi', namwambia 'moto', namwambia 'mama amechoka'. Watu wa posta wanafikiri nimerukwa na akili, maana juzi nilimwonyesha mteja picha ya 'subiri'."

"Mara moja kwa mwezi?"

"Na hukuniambia. Miaka saba, shoga! Nikaja kusikia kwa Imelda kwamba umehama. Nikasikia kutoka kwa mtu wa Ballarat kwamba rafiki yangu wa mtaa wa pili hataki tena siku moja na mimi. Nimekaa miezi mitatu najiuliza nilikukosea nini. Nikafikiri labda ule mkate ulikuwa mbichi ndani."

"Jamani, pai zangu," alisema yule mwanamume, sasa kwa unyonge.

Merrin alikuwa ameshika pai moja mkononi, na mkono ulikuwa unaungua, na hakuiachia. "Nilimwonea wivu mwanao," alisema.

Yule mwanamume wa pai alirudi hatua moja kutoka dirishani.

"Nilimwonea wivu mtoto wa miaka saba. Kila anachosema kilikuwa kinaniuma. Kila anachosema! Nilikuwa nasikia kama anamnyang'anya Tilda, kama maneno yana idadi yake na yeye anayamaliza yote."

Bree alimtazama. Uso wake ulikuwa mwekundu kwa mvuke wa mafuta na haukulegea.

"Ninyi wawili!" Dot aliita kutoka kwenye friji. "Lieni robo ya nne! Chipsi zinaungua na huyo baba atakufa njaa!"

"Mpe pai yake," alisema Bree, akaokota koleo. "Na sosi. Usisahau sosi."

Hawakuzungumza tena siku hiyo. Timu ya nyumbani ilifungwa, na watu wakala pai nyingi zaidi kwa huzuni.

Jumapili Merrin alitembea hadi kwa Bree. Hakubeba keki wala mkate. Alihisi kwamba akibeba chochote ataonekana anakuja kununua. Bree alimfungulia mlango akiwa amevaa vazi la kuogea, kichwa kimefungwa taulo.

"Nataka kurudi Jumanne," alisema Merrin, hata hajakaribishwa. "Mchana, kama zamani. Asubuhi iwe ya Fergus. Sina neno tena."

"Hapana."

Merrin akaitikia kwa kichwa. Alikuwa amelitarajia jibu hilo njia nzima. Alikwishageuka aliposikia Bree akisema nyuma yake: "Si mchana. Pamoja."

"Pamoja vipi?"

"Watoto wote wawili, jikoni kwangu, kwa wakati mmoja. Tunagawana njia na tunagawana saa pia. Nilimuuliza Imelda jana usiku."

"Ulimpigia wewe? Jana?"

"Nilikuwa na hasira, nifanye nini kingine? Kulala? Anasema tukifanya hivyo, kila baada ya wiki mbili, fungu lako litafika Juni. Litafika kwa kujikokota, lakini litafika. La kwangu pia. Na Tilda hapotezi nafasi."

Ilikuwa ndiyo habari njema kuliko zote, na Merrin hakuweza kuifurahia. Pamoja. Meza moja, tableti mbili, Fergus na sentensi zake na Tilda na "acha" yake. Kila wiki mbili, mwaka mzima, atakaa pale na kuona kwa macho yake kile alichokikimbia.

"Nitawalinganisha," alisema kwa sauti ndogo. "Bree, nakwambia kweli. Sitaweza kujizuia."

"Utawalinganisha, ndiyo. Na mimi nitawalinganisha. Unafikiri mimi simwoni Tilda akiinua kikombe? Fergus hajawahi kuinua kikombe. Sasa tufanyeje, tung'oe macho?" Bree alilivua taulo kichwani. Nywele zake zilikuwa zimesimama kama za kuku aliyenyeshewa. "Ingia ndani, naganda hapa."

Jumanne ya kwanza mvua ilinyesha. Imelda aliwaweka watoto wakitazamana, kiti kwa kiti, magurudumu yakikaribia kugusana. Kabla hajaanza aliongeza picha mpya kwenye kila tableti: kwa Fergus uso wa Tilda, na kwa Tilda uso wa Fergus. Kisha akatoa chupa ya mapovu ya sabuni.

Mama wawili waliamriwa wakae kando, karibu na dirisha, na wasiguse kitu. Merrin alikaa juu ya mikono yake.

Imelda alipuliza povu moja, likaelea, likapasuka juu ya pua ya Fergus. Fergus alipiga kelele ya furaha. Hakungoja kuulizwa.

"Puliza kubwa," mashine yake ilisema.

Imelda alipuliza kubwa.

"Tena. Kubwa sana."

Akapuliza kubwa sana. Mapovu yote yalikuwa yanakwenda upande wa Fergus, kwa kuwa Fergus ndiye aliyekuwa anaomba. Tilda alikuwa anatazama. Mkono wake ulikuwa umelala pajani.

Merrin alihisi kile kijiba cha roho kikirudi, kilekile. Hakikuwa kimepungua hata kidogo. Mwone anavyosema. Mwone wangu anavyonyamaza. Aliinuka nusu kitini. Alitaka kwenda kuuchukua ule mkono na kuuweka mwenyewe juu ya picha, popote, ili mradi useme. Bree alimshika kifundo cha mkono akamvuta chini.

"Mwache," alinong'ona.

"Anaonewa."

"Mwache aonewe."

"Puliza kwangu," alisema Fergus.

Hapo Merrin aliona uso wa bintiye. Midomo ilikuwa imebanwa, pua imetanuka kidogo, macho yameganda juu ya yale mapovu ambayo si yake. Merrin aliujua uso ule. Alikuwa ameuona mara nyingi kwenye kioo cha bafuni, mwaka huu wote.

Mkono wa Tilda uliinuka. Ulitetemeka hewani, ukaenda ukapita picha ya kwanza na ya pili, ukarudi, ukashuka.

"Acha."

Imelda alisimama na kijiti cha mapovu mdomoni, hakupuliza.

Mkono ukainuka tena. Safari hii ulichukua muda mrefu kiasi kwamba Bree aliacha kupumua, na Merrin akaona jasho dogo kwenye paji la uso wa mtoto. Ukashuka juu ya ile picha mpya.

"Fergus."

Na papo hapo, kwa ghadhabu, bila kutetemeka: "Mimi!"

Acha, Fergus, mimi. Hakuna aliyemwelekeza kidole. Hakuna aliyemuuliza.

"Eh!" Bree alipayuka, mkono mdomoni. "Eh, Mungu wangu! Mwivu kama mama yake!"

Merrin alikuwa anacheka na kulia, na safari hii kila mtu alijua ni kwa nini. Fergus, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kuambiwa anyamaze na mtoto mwenzake, alimkodolea Tilda macho kwa mshangao mkubwa. Kisha akainamia tableti yake na kuanza kutafuta.

"Tilda mbaya," mashine yake ilisema.

"Acha," alijibu Tilda.

"Tilda mbaya sana."

Maneno matatu, Merrin alihesabu moyoni. Hakuweza kujizuia, kama alivyokuwa ameonya. Lakini Tilda naye alikwisha kutoa matatu, na mkono wake ulikuwa tayari hewani, unatafuta jingine. Imelda aliweka chupa ya mapovu sakafuni polepole, akasogea nyuma, akaja kukaa katikati ya wale mama wawili karibu na dirisha. Nje mvua ilikuwa inanyesha juu ya gari la Ballarat, na ndani watoto wawili walikuwa wanagombana wao kwa wao, kwa zamu, kila mmoja akimngoja mwenzake amalize.